MFINYANZI HULIA GAENI: Mazungumzo juu ya Bei ya Haki



Wahenga walituachia methali isemayo: mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake ni kwamba yule afinyangaye vyungu vya watu wote, mwenyewe hula katika kigae, kipande cha chungu kilichovunjika. Mara nyingi twaitamka huku tukicheka, kana kwamba mfinyanzi ni mzembe asiyejijali. Leo napenda tuitazame kwa jicho jingine. Mfinyanzi hula gaeni kwa sababu chungu kizima hana budi kukipeleka sokoni, na anachorudi nacho kutoka sokoni hakimruhusu kujiwekea hata kimoja.

Tuchukue mfano wa akina mama wa Kikisi wa Ikombe, wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Huko Milima ya Livingstone imeshuka hadi karibu na maji, na mahali pa kulima ni padogo. Wanaume huvua samaki, wanawake hufinyanga. Binti hujifunza ufundi huo kwa mama yake, na vyombo vyao hununuliwa hata Mbeya.

Udongo wa kufinyangia haupatikani kila mahali. Huchimbwa, hubebwa, hutolewa mawe na mizizi, hulowekwa na kukandwa mpaka ulainike. Ndipo mama huketi na kuuinua ukuta wa chungu kidogo kidogo, maana akiharakisha, udongo mbichi hulemewa na uzito wake ukaanguka. Hungoja ukauke kiasi, huukwangua uwe mwembamba, huusugua kwa kijiwe laini. Kisha chungu hukaa kivulini siku kadhaa. Kikipigwa na jua kali mapema, upande mmoja hukauka kabla ya mwingine, nacho hupasuka.

Baadaye huja siku ya moto. Vyungu hupangwa pamoja, hufunikwa kwa kuni na nyasi, huchomwa mahali pa wazi. Joto lifikapo kadiri ya nyuzi 600 za sentigredi, udongo hubadilika kabisa, wala hauwezi tena kurudi kuwa tope. Lakini ikiwa umebaki unyevu ndani ya ukuta, maji hayo hugeuka mvuke na chungu hulipuka. Upepo ukigeuka ghafla, vingine hupata ufa. Kazi ya wiki nzima yaweza kuwa vigae kwa saa moja. Tena Kyela ni nchi ya mvua nyingi. Masika yakifika, kukausha vyungu na kupata kuni kavu huwa taabu, wala sare na madaftari ya watoto havingoji kiangazi.

Jumamosi ni siku ya soko huko Lyulilo, karibu na Matema. Vyungu hupakiwa katika mitumbwi na kuvushwa ziwani. Sokoni mchuuzi anangoja. Yeye ajua, na mama ajua, kwamba mzigo huo ni mzito, ni mwepesi kuvunjika, na nyumbani unga umekwisha. Hivyo mchuuzi hana haja ya kuharakisha. Kadiri jua linavyoshuka, ndivyo na bei inavyoshuka.

Ndugu zangu, nami nimo katika lawama hii. Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadre nilinunua mtungi kwa mama mmoja katika soko fulani. Nilibishana naye mpaka bei ikafika nusu, nikaondoka nikijiona hodari. Kabla sijafika mbali akaniita: "Baba, umesahau kitu." Nikarudi. Akanipa kata ya majani, akasema: "Uuweke juu ya hii, usije ukavunjika. Ukivunjika, mimi sitaweza kukufinyangia mwingine kwa bei hiyo." Nilinyamaza. Hakunitukana, lakini alikuwa amenipigia hesabu yangu.

Mtu aweza kusema: "Mbona alikubali mwenyewe?" Mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII alilijibu neno hilo juu ya mishahara: makubaliano ya mtu aliyebanwa na shida hayawi ya haki kwa sababu tu amekubali. Mwaka 1967, katika Populorum Progressio, Papa Paulo VI alilieneza fundisho hilo hadi kwenye biashara ya mataifa. Sisi hulalamika, na kwa haki, kwamba bei ya kahawa na kakao yetu hupangwa na wenye nguvu walio mbali. Basi tusimfanyie mama wa sokoni lile tunalolilia tukifanyiwa sisi.

Sisemi kwamba kupatana bei ni dhambi. Kupatana ni desturi yetu, na ni mazungumzo kati ya watu. Dhambi ni kuifanya njaa ya mwenzako kuwa faida yako.

Wafinyanzi nao wana la kufanya. Kwanza, wapige hesabu kamili. Aliyechoma vyungu 20, vinne vikavunjika, gharama ya vyote 20 lazima ibebwe na vile 16 vilivyosalia. Wengi husahau vilivyovunjika, na hivyo hulipa wao wenyewe. Pili, washirikiane nauli ya mtumbwi, na wakubaliane bei ambayo hakuna atakayeuza chini yake. Tatu, watafute nyumba ya mtu mwaminifu karibu na soko, ili visivyouzwa vilale humo hadi soko lijalo. Mwenye mahali pa kuweka mali yake halazimiki kuitupa jioni.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamhesabu mfinyanzi miongoni mwa mafundi ambao bila wao mji haukaliki. Tukiamini hivyo, tuamini pia tunapofungua mkoba.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Katika soko letu, ni nani huuza kwa kubanwa na shida? Nani hufaidika?

2. Mara ya mwisho ulipopunguziwa bei, ulijua kazi ile ilichukua siku ngapi?

3. Jumuiya yetu yaweza kutoa nini, ghala, mtumbwi au mtu wa kupiga hesabu, ili fundi asilie gaeni?