Arobaini Ugenini
Mhadhara wa umma wa Siku ya Wanawake Duniani, Spånga, Stockholm



Naomba nianze na kitambaa. Kwetu pwani mwanamke akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, kisha hufungwa mkaja, kile kitambaa kinachokazwa tumboni. Anayemfunga ni mama yake, shangazi yake au mkunga wa mtaani. Asubuhi huletewa uji wa pilipili manga. Kwa siku arobaini hafui, hachoti maji, hapigi deki. Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje, watu wakafurahi. Tumezoea kuyaita hayo mila. Leo nataka tuyaite haki: haki ya mzazi kupumzika, akiwa na jamaa wa kuilinda.

Sweden imeiandika haki ya namna hiyo katika sheria. Mwaka 1974 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuigeuza likizo ya uzazi ya mama kuwa ya wazazi wote wawili. Leo ni siku 480 kwa kila mtoto, na kila mzazi ametengewa 90 asizoweza kumwachia mwenzake. Mtoto akizaliwa, baba ana siku nyingine 10 za kuwa karibu na mama. Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 na baba 3. Kenya, sheria ya mwaka 2007 ilimpa mama miezi 3 na baba wiki 2.

Lakini kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hapa Spånga, na pale Tensta kwa jirani zetu, mzazi yuko ghorofani, theluji imejaa nje, na mama yake yuko Tanga. Siku 480 anazo. Wa kumfunga mkaja hana. Sheria hulipa siku, haiji kukoroga uji.

Mtoto akifikisha wiki 6 hadi 8, muuguzi wa kliniki humpa mama maswali 10: je, bado unaweza kucheka? Je, unajilaumu bila sababu? Je, unalia? Kipimo hicho cha huzuni ya baada ya kujifungua kilichapishwa mwaka 1987 na hubeba jina la Edinburgh, ila John Cox, mmoja wa waliokitunga, alikuwa amechunguza maradhi ya akili ya wazazi huko Uganda katika miaka ya 1970. Tazameni wakati wake: maswali huja arobaini ikiisha tu. Ukiniuliza mimi, nusu ya dawa ya huzuni hiyo ilikuwa ndani ya arobaini yenyewe, katika mikono ya watu wengine.

Tangu Julai 1, 2024, wazazi wanaolea pamoja wanaruhusiwa, kila mmoja, kumpa mtu mwingine hadi siku 45 za likizo yao. Arobaini na tano! Bibi aliyeko Tanga hawezi kuzipokea, maana anayepewa sharti awe na bima ya jamii ya hapa Sweden. Jirani mwenye bima hiyo anaweza. Mlango wa sheria uko wazi. Kilichobaki ni jirani kugeuka shangazi, na hilo halifanywi na bunge. Hufanywa na sisi, katika siku kama hii, tunapokula sahani moja na kujuana kwa majina.

Kina baba, zile siku 90 ni zenu. Mwanamume anayechemsha maji ya kumkandia mkewe hapungukiwi heshima. Anaitunza nyumba yake.

Nina ombi moja. Kila mjamzito aliye humu asitoke mlangoni kabla hajajua ni nani atakayemfunga mkaja. Naye atakayekubali kazi hiyo asimame sasa, tumwone.