Aulizwe Kwanza, Ndipo Aonywe

Leo twapenda kunena juu ya jambo linalowasumbua wazazi, waalimu na wakubwa wa vijiji sawasawa: mwenendo wa mtu hugeuzwaje? Twanena mtoto mmoja, na twanena pia watu wengi pamoja, maana ni nadra mtu kuwa na tabia asiyoshirikiana na wenzake.

Wengi hudhani kwamba kazi hii ina njia mbili tu, kuamrisha na kuadhibu. Amri ikishindwa hufuata adhabu, na adhabu ikishindwa huzidishwa. Sisi twaona liko jambo linalotangulia yote mawili, nalo ni kumwuliza mtu kwa nini afanya afanyavyo. Ushahidi wake hatuna haja ya kuutafuta mbali. Upo katika milima ya Uluguru.

Asimamaye Mlali, akatazama juu kuifuata njia ya Mgeta, huona miteremko mikali iliyolimwa mpaka juu sana. Mvua ikinyesha kwa nguvu, udongo hushuka nayo mitoni. Waingereza, walipokuwa wakiitawala Tanganyika, waliliona jambo hilo, na hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1950 walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru, na wakulima wakapasishwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Mabwana shamba walipita wakikagua, na aliyekataa alipelekwa barazani akatozwa faini. Serikali ilijiona kuwa yajua, na watu hawajui, basi wasukumwe.

Lakini wakulima walikuwa na sababu zao. Katika sehemu nyingi za miteremko ile udongo wa rutuba ni tabaka jembamba tu. Mtu akichimba ngazi, udongo ule mzuri hufukiwa, na ule wa chini usiozaa huja juu, hata mazao yakadhoofika kuliko zamani. Kazi yenyewe ilikuwa nzito, tena iligongana na siku za kulima na kupalilia. Zaidi ya hayo, ardhi ya Waluguru ilikuwa mali ya koo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Wako waliolima kwa idhini ya ukoo usio wao. Mtu wa namna hiyo, je, atatia jasho lake la kudumu katika ardhi ya mwenziwe? Wengine walihofu kwamba mashamba yakiisha kutengenezwa yatachukuliwa na Serikali. Hofu hiyo ingaliweza kujibiwa kwa maneno, kama ingalisikilizwa.

Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima, hasira zilifurika. Watu walikusanyika, polisi wakaja, risasi zikapigwa, na mtu mmoja akafa. Baada ya hayo amri ya matuta ikaachwa. Miaka mitano ya kazi ilikwisha, na watu wengi wakabaki wakilichukia hata neno lenyewe, ijapokuwa udongo uliendelea kushuka mitoni kama kwanza.

Sasa tazameni ajabu. Huko Mgeta, juu ya Mlali, mashamba ya ngazi yapo hata leo. Watu hulima kabichi, karoti na njegere, huyaongoza maji kwa mifereji midogo, na mboga zao hushuka kwa njia ya Mlali kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Ngazi hizo hushika maji na samadi, na mboga huleta fedha. Hapana askari asimamaye kando ya shamba. Mkulima wa Mgeta na wa Matombo ni Waluguru wote wawili, wala hatuoni kwamba mmoja ana akili kuliko mwenziwe. Ila mmoja aliiona faida kwa macho yake.

Twaongeza mfano mmoja, kwa ufupi. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi Kibungo Juu, katika milima hiyohiyo, ambako huanzia maji yaingiayo Mto Ruvu, unywewao na watu wa Dar es Salaam. Waliichunguza kwanza hali ya maisha ya wakulima. Kisha wakulima waliokubali kuchimba matuta na kupanda miti wakalipwa, na fedha ilitoka kwa wale wanaoyatumia maji bondeni: DAWASCO na Coca-Cola Kwanza. Hatusemi kwamba kila mwenendo mwema ununuliwe, kwa kuwa fedha nayo hukoma. Twalitaja kwa sababu ya ule uchunguzi uliotangulia.

Huenda msikilizaji akauliza, matuta yamhusu nini mtoto? Yamhusu sana. Mtoto wa darasa la nne asiyeonekana shuleni siku tatu kila juma afanana na yule mkulima: ana sababu yake, wala hajaulizwa. Tuseme mahindi yamekomaa, na nyani washuka kutoka mwituni. Mama yu sokoni, baba yu safarini, na mtoto ndiye mlinzi wa shamba. Akija shuleni Alhamisi akapigwa, amejifunza nini? Amejifunza kwamba Alhamisi nayo yafaa kukaa shambani.

Sheria yenyewe imekwisha kuweka mipaka. Waraka wa Elimu Namba 24 wa mwaka 2002 wasema viboko visizidi vinne, navyo vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Twaliheshimu jambo hilo, lakini twashangaa kidogo kwamba fimbo ina kitabu chake, na maswali hayana.

Kuuliza nako kwataka adabu. Mtoto akiulizwa mbele ya wenziwe, na fimbo i juu ya meza, atajibu "Sijui", na mwalimu atamwita mkaidi. Lakini "sijui" ya mtoto aghalabu maana yake ni "naogopa". Aitwe kando, akae, aulizwe kwanza habari za nyumbani, na mwalimu anyamaze mpaka atakapomaliza. Likiwa jambo lenyewe limemshinda mwalimu, katika Waluguru yuko mtu mwenye neno zito kuliko lake: mjomba, ndugu wa mama. Tumeona baba akisema mara kumi bila kusikiwa, kisha mjomba akaja jioni moja, akazungumza kwa sauti ya chini, na mtoto akabadilika. Mwalimu mgeni katika nchi hii na aulize mapema, mjomba wa mtoto huyu ni nani?

Liko na kosa la kundi. Wavulana sita wanatoroka siku ya soko wakabebe matenga ya nyanya. Mwalimu humkamata mmoja, aliye mkubwa, akamwadhibu. Kesho yule amekuwa jemadari wao. Wazee wetu walilijua jambo hili. Makungwi hawakumfunda kijana mmoja kama kwamba ndiye peke yake duniani. Rika zima lilikaa pamoja, likaimba pamoja, na kila mmoja akawa shahidi wa mwenziwe. Hatutaki kurudisha yote ya unyago, maana wako wali waliowekwa ndani muda mrefu hata masomo yakawapita. Lakini lile la kuwafunda pamoja lafaa. Waiteni wote sita. Waulizwe wazipataje fedha na wazitumiaje. Pengine mtasikia kwamba wawili wanunua madaftari.

Nanyi wanafunzi, mkiulizwa, semeni kweli, hata ikiwa ya aibu.

Katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya msimu wa mahindi, pendekezeni orodha ya zamu: watu wazima wa kila kitongoji wagawane siku za kulinda nyani, na jina la mtoto wa shule lisiandikwe humo ila kwa Jumamosi.