FAIDA YA SHAHADA KWA WACHAMBUZI WA SHUGHULI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeagizwa kusema juu ya shahada za kazi wanazotafuta wale waitwao wachambuzi wa shughuli, kama zina faida inayolingana na gharama yake. Jambo hili latuhusu sana, maana ada ya mitihani yake huhesabiwa kwa dola, na mshahara wa karani una wengi wanaoungojea: karo ya watoto, kodi ya nyumba, na wazee walioko kwetu.

Kwanza yafaa tujue kazi yenyewe. Tuchukue mfano. Ofisi moja yaona ya kuwa maombi ya likizo yachelewa, nayo yataka kununua programu ya kompyuta. Mchambuzi haanzi na kompyuta. Huanza na watu. Humwuliza mwombaji, karani wa masjala na mkuu wa idara; hufuata karatasi moja tangu meza ya kwanza hata ya mwisho. Pengine huona ya kuwa uchelewaji wote watokana na sahihi ya mkubwa mmoja aliye safarini kila juma. Programu ikinunuliwa bila kulijua hilo, fedha imetupwa. Ombi litangoja vilevile, ila sasa litangoja ndani ya kompyuta. Basi kazi ya mchambuzi ni kutafuta haja ya kweli kabla fedha haijatoka, na kuiandika hata mwenye kuagiza na mwenye kutengeneza waielewe namna moja.

Ndugu zetu, wengi miongoni mwetu twaifanya kazi hii, nasi twaitwa makarani tu. Na kazi isiyo na jina ni vigumu kuidai mshahara wake.

Mwaka 2003 kilianzishwa huko Toronto, nchi ya Kanada, chama cha wachambuzi kiitwacho International Institute of Business Analysis, kwa kifupi IIBA. Mwongozo wake, BABOK, katika toleo la 3 la mwaka 2015, waigawa kazi katika mafungu 6. Chama hicho hutoa shahada za daraja mbalimbali. ECBA ni ya wanaoanza, wala haidai saa za kazi. CCBA yadai saa 3,750 katika miaka 7 iliyopita. CBAP yadai saa 7,500 katika miaka 10 iliyopita, na katika hizo ziwepo angalau saa 900 katika kila fungu, kwa mafungu 4 miongoni mwa yale 6. Mtu afanyaye kazi saa 40 kwa juma, majuma 50 kwa mwaka, hupata saa 2,000. Basi saa 7,500 ni karibu miaka 4 ya kazi hii peke yake.

Wako wasemao, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, mwenye akili ahitaji karatasi ya nini?” Methali hiyo ni kweli sokoni, ambako mnunuzi huishika embe na kuinusa. Lakini mwajiri wa Nairobi au Dar es Salaam asiyemjua mtu hawezi kuinusa kazi yake katika barua ya maombi. Shahada na shahidi ni maneno ya ukoo mmoja: karatasi hiyo humsemea mtu mahali asipojulikana, hasa yule asiye na mjomba ofisini.

Hata hivyo shahidi asifanywe hakimu. Mkaguzi wa hesabu katika Tanzania huandikishwa na bodi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mchambuzi hafungwi na sharti la namna hiyo, naye aweza kuajiriwa bila shahada yo yote. Tena mtihani wa CBAP ni maswali 120 ya kuchagua jibu. Hupima kama mtu aijua njia. Haupimi kama ataweza kunyamaza akamsikiliza karani mwoga aliyeketi mbele ya mkubwa wake. Kwa hiyo mwajiri atazamaye karatasi tu atadanganyika, na asiyeitazama kabisa atampoteza mtu mwema asiyejulikana.

Shauri letu ni haya. Kila mwanachama afanyaye kazi ya namna hii na anunue daftari leo, aandike tarehe, kazi aliyofanya, saa zake, na jina la msimamizi. Saa zilizopita miaka 10 hazihesabiwi kwa CBAP, wala kumbukumbu ya kichwani haitamfaa siku ya kujaza fomu. Pili, mtu asikope fedha ya ada kabla hajaupitia mwongozo na kujijaribu. Anayeanza na aanze na ECBA, asikimbilie daraja la juu kwa ajili ya herufi za kuandika baada ya jina lake. Tatu, tusome pamoja jioni moja kila juma, maana alilokwama mmoja, mwenzake huenda amelifanya mezani pake mwaka mzima.

Bwana Rais, tungependa Halmashauri ilipokee shauri hili la tatu na kutafuta chumba.