Matembezi ya Kipini: Kaburi la Liyongo na Habari ya Kisima



Mtu wa Unguja akitaka kupunga upepo jioni huenda Forodhani, bustani iliyotengenezwa mbele ya Ngome Kongwe mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake. Kipini haina bustani ya namna hiyo, wala maji yarushwayo juu kwa mashine ili watu wayatazame. Ina pwani, minazi, na kaburi moja. Na kaburi hilo lina hadithi ya maji iliyo kubwa kuliko bustani yoyote.

Msafiri atokaye Garsen hushika njia ya Lamu mpaka Witu, kisha hugeuka kulia kuelekea baharini. Mji wenyewe ni mdogo. Siku za ukoloni palikuwa na boma la Bwana D.C. wa Wilaya ya Tana River, na watu walikuja kutoka mbali kwa mashauri yao. Hapo ndipo maji ya mto Tana, ulio mrefu kupita mito yote ya Kenya, yanapokutana na bahari.

Wenyeji humwonyesha mgeni kaburi la Fumo Liyongo, shujaa na mshairi. Habari zake Askofu Edward Steere alizipiga chapa mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi mwaka 1913. Yasemwa kwamba silaha haikumdhuru Liyongo isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Adui zake wakamhadaa mwanawe mwenyewe, naye akamchoma baba yake amelala. Liyongo akaamka na maumivu, akatwaa upinde na mishale, akaenda karibu na kisima cha mji, akapiga goti na kuuvuta upinde. Akafa katika hali hiyo, asianguke.

Watu waliokuja kuteka maji walimwona, wakakimbia. Nani angethubutu kumsogelea? Mji ukanywa maji ya msikitini hata yakaisha, na siku ya tatu kiu ikawazidi. Mama yake akaletwa ambembeleze, kwa kuwa wote walidhani ana hasira tu. Hakuitika. Hata maiti ilipoanguka ndipo walipoiona sindano.

Wengi huikumbuka hadithi hii kwa sababu ya mwana aliyemsaliti baba yake. Lakini mtu wa Kipini huisikia kwa sikio jingine, kwani anajua maana ya kukosa maji matamu huku maji tele yamemzunguka. Wakulima wa mpunga wa Ozi na vijiji jirani hutegemea bamvua: bahari ikijaa, huyasukuma nyuma maji ya mto, nayo yakapanda na kuingia mashambani. Mto ukiwa na nguvu, yapandayo ni maji matamu, na mpunga hustawi. Mto ukipungua, huingia maji ya chumvi, na jasho la miezi mingi hupotea kwa siku chache. Katika miaka ya karibuni chumvi hiyo imepanda mtoni mbali kuliko wazee walivyozoea.

Tena bahari inaula ufuko wa Kipini. Majumba ya zamani yamekwisha kuanguka, na minazi imelala mchangani mizizi ikiwa juu. Magofu ya Ungwana, ambayo Bwana James Kirkman aliyachimba katika miaka ya 1950, yako si mbali na hapo, na yanaonyesha kwamba pwani hii imekwisha kuhamwa na watu zamani. 

Mgeni atakayefika na aende kwanza kaburini, kwa adabu na pamoja na mwenyeji. Kisha ateremke pwani maji yakiwa yamekupwa, amwulize mwenyeji huyo ufuko ulikuwa ukifika wapi alipokuwa mtoto. Ataonyeshwa kwa kidole, kuelekea baharini.