Ahadi ya Mnunuzi Hufunga Lini?

Hotuba ya Katibu wa Chama mbele ya wanachama, Mpemba



Nimepewa heshima ya kusema maneno machache katika sherehe hii ya Chama chetu kutimiza miaka kumi. Wenzangu wamekwisha kueleza habari za ghala, za mizani na za hesabu, nami sitazirudia. Nimechagua jambo ambalo kila msimu huletwa ofisini kwangu kwa manung'uniko, yaani ahadi za biashara: ipi ni maneno matupu, na ipi mtu aweza kudaiwa mbele ya hakimu.

Sisi watu wa Mpemba tumekaa njia panda. Barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia yapita mlangoni petu, na ile ya Isongole yatuunganisha na Ileje hata mpaka wa Malawi. Kwa hiyo wanunuzi hawatupungukii. Mmoja hufika mwezi wa Mei, mahindi yangali shambani, akasema, "Mzee, usimwuzie mtu mwingine, nitakuja kuyachukua yote kwa bei nzuri." Mkulima hungoja. Mwezi wa Agosti hupita, dumuzi wameingia kihengeni, na simu ya yule bwana haipokelewi. Ndipo mkulima huja kuniuliza, "Katibu, huyu hatuwezi kumshitaki?"

Jibu langu mara nyingi humchukiza, maana mtu aliyepata hasara hapendi kuambiwa kwamba hakuwa na mkataba.

Sheria ituongozayo ni Sheria ya Mikataba, ambayo siku hizi ni Sura ya 345. Ilitungwa mwaka wa 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata Uhuru, ikashika mahali pa Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka wa 1872 iliyokuwa ikitumika hapa kwetu. Azisomaye zote mbili atatambua kuwa ni mtu na nduguye. Kifungu cha 10 chasema kwa ufupi kwamba mapatano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kupatana, kwa malipo halali na kwa kusudi halali. Mwenye uwezo ni aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu. Hiari maana yake ni kwamba mtu hakutishwa wala hakudanganywa. Hayo hayatusumbui sana. Linalotusumbua ni kwamba, kwanza kabisa, hapana budi yawepo mapatano yenyewe.

Hebu tumrudie yule bwana wa mwezi wa Mei. "Bei nzuri" ni shilingi ngapi? "Yote" ni kilo ngapi? Atakuja siku gani? Kifungu cha 29 chasema kwamba mapatano ambayo maana yake si dhahiri, wala haiwezi kudhihirishwa, ni batili. Hata neno gunia, tulipendalo sana, si kipimo mpaka utaje kilo. Wangapi kati yetu walipatana magunia, siku ya kupakia wakaletewa lumbesa!

Kadhalika ukubali sharti uwe kamili. Ukisema shs. 600 kwa kilo, naye akajibu, "Sawa, lakini 580," hajakubali. Ameleta pendekezo jipya, na la kwanza limekufa. Tena pendekezo lisilokubaliwa bado laweza kuondolewa na aliyelitoa. Mwisho, kila upande utoe kitu, au uahidi kutoa kitu. Mimi naahidi kukuletea kilo 10,000 kabla ya mwisho wa Julai, nawe waahidi kunilipa shs. 600 kwa kila kilo: ahadi mbili zimekutana, na kila moja ni malipo ya mwenzake.

Wako wasemao kwamba wafanyabiashara wana maneno ya kujitapa, na kwamba sheria haiyajali. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mwaka wa 1891 kampuni moja ya London, Carbolic Smoke Ball Company, ilitangaza gazetini kwamba italipa pauni 100 kwa mtu yeyote atakayetumia dawa yake ya kuvuta puani mara tatu kwa siku kwa majuma mawili, kisha akashikwa na homa ya mafua makali. Ikaongeza kwamba pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha kuwa haifanyi mzaha. Bibi Carlill aliitumia kama alivyoagizwa, akaugua, akadai fedha zake. Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo tu. Mwaka wa 1892 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba alipwe: maneno yalikuwa dhahiri, fedha zilitajwa kuwa benki, na bibi alikuwa ametimiza sharti.

Sasa nafika penye jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na laiti lingebandikwa ukutani katika kila ghala. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yasema kwamba mauzo ya bidhaa ya thamani ya shs. 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa arubuni au sehemu ya bei, au pawepo maandishi yaliyotiwa sahihi na huyo anayedaiwa. Shilingi mia mbili zilikuwa fedha nyingi zamani. Leo hakuna mzigo wa mahindi usiozipita. Basi ahadi ya mdomo mtupu, hata mbele ya mashahidi kumi, yaweza kukuacha mikono mitupu. Mnunuzi asiyetaka kuandika mstari mmoja wala kutoa arubuni, mimi simhesabu kuwa mnunuzi. Na ujumbe wa simu msiufute: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, maandishi hayakataliwi kwa sababu tu yamo katika simu.

Lakini kamba hii yafunga pande zote mbili, na hapa nasema na ndugu zangu wanachama. Mwenye kupokea arubuni, kisha akaona lori linatoa bei ya juu kwa ajili ya soko la Nakonde, akapakia usiku, huyo amevunja mkataba sawasawa na yule bwana wa mwezi wa Mei, naye aweza kudaiwa.

Kiasi cha kudai ni hasara yenyewe. Tuseme mnunuzi aliyepatana nawe kilo 10,000 kwa shs. 600 amekataa kuzichukua, na siku ile soko ni shs. 520. Usiyaache mahindi yaoze ili deni likue; uza, kisha udai shs. 80 kwa kila kilo, yaani shs. 800,000. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka sita, ingawa mashahidi husahau mapema zaidi.

Daftari la mapatano liko mezani kwangu. Karani ataandika kilo, bei, siku na arubuni, nanyi na mnunuzi mtatia sahihi au dole gumba, kila mmoja apewe nakala yake. Hakuna ada.