Mtoto wa Tumboni na Vumbi la Migodi

Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inampa binadamu haki tangu mimba inapotungwa, mradi azaliwe hai. Kauli hiyo tunaishika sana tukibishana juu ya utoaji mimba, hasa tangu Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake unaoruhusu utoaji mimba katika hali fulani, ilipochapishwa katika Gazeti Rasmi mwaka 2018. Lakini kwenye vumbi la migodi ya Kolwezi tunaisahau.

Mwaka 2020, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitoa matokeo mazito: mtoto ambaye baba yake anafanya kazi ya madini alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Baba, jamani, si mama tu! Na utafiti uliofanywa Kasulo, hapa hapa mjini Kolwezi, ulikuta kobalti nyingi mno kwenye mkojo wa wakazi, watoto wakiwazidi wakubwa.

Anayeamini kwamba uhai huanza siku ya kwanza, nami namheshimu, adai basi maji ya mama mjamzito yapimwe, na mchimbaji apate mahali pa kuoga na kubadili nguo kabla hajarudi nyumbani. Nasubiri kusikia madai hayo makanisani na bungeni pia.