Kabla ya Kuingia Wodini

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wafanyakazi wa Industrial Area na watoto wao wanaosomea uuguzi.)



Wengi wenu mmejinyima ili mtoto asomee uuguzi. Sasa anatumwa hospitali kujifunza kwa vitendo: labda hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, labda Mama Lucy Kibaki, labda Kenyatta. Mmemnunulia sare, viatu vya kufunika vidole, na saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo. Vema. Lakini yako mambo mawili yasiyouzwa Gikomba.

La kwanza ni chanjo ya homa ya ini ya aina ya B. Ugonjwa huu hupita katika damu, na chanjo yake huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Kijana anayengojea juma la mwisho amechelewa. Aanze mapema, na kadi aitunze.

La pili ni sindano. Sisi wa viwandani twajua: mtu hasogelei mashine kabla hajaonyeshwa swichi ya kuizima. Vivyo hivyo, kijana, siku ya kwanza muulize sista: ajali ya sindano huandikwa wapi, na dawa hutolewa na nani, hata usiku? Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko; itie mara moja katika kisanduku chake. Ikikuchoma, usikamue damu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha toa habari saa ile ile. Dawa ya kuzuia UKIMWI ianze upesi, isipite saa 72, nayo humezwa siku 28.

Vijana huficha ajali. Waogopa kuitwa wazembe, waogopa daftari lao halitatiwa sahihi. Hofu hiyo twaijua. Ni ile ile ya kibarua aliyekatwa kidole akakifunga kitambaa ili asifukuzwe. Lakini mtu akiumia asiseme, saa za dawa zinampita.

Tena, mwanafunzi hapokei mshahara kama sisi. Basi wazazi, kabla ya siku ya kwanza, kiulizeni chuo: akiumia wodini, nani atalipia matibabu? Jibu liwe la maandishi, si la mdomo.

Nanyi vijana, mkiona jambo haliko sawa, semeni pamoja. Asiachwe mmoja kusema peke yake.